Krismasi Niliyomkataza Mama Kuwasha Moto

Nianze kwa kukiri mwenyewe, maana mkiisikia kwa wengine mtaikuta imeongezwa chumvi: mimi ndiye niliyefanya waumini wa kigango kizima waje kumlilia mama yangu mzazi siku ya Krismasi, wakati mama mwenyewe yuko chumbani, hai kabisa, amekaa kitandani anasubiri pilau. Nimejitahidi kutafuta mtu mwingine wa kumtupia lawama, mwaka wa pili sasa (nilianza na kaka yangu, nikahamia kwa mvua, nikamalizia kwa matope), lakini kila nikirudi nyuma hatua kwa hatua naishia kwangu, nimekaa kwenye kochi nyumbani kwangu Katesh, simu mkononi, napanga vyakula.

Mimi ni mwalimu, na pale shuleni ndiye ninayetengeneza ratiba ya vipindi. Sasa mtu akitengeneza ratiba miaka tisa mfululizo kuna kitu kinalegea kichwani, anaanza kuamini kwamba jambo lolote likichorewa mistari na kupewa saa yake basi limekwisha, na binadamu waliomo humo watakaa walipoandikwa. Nawaambia hili ili mnielewe, sio mnisamehe.

Nyumbani kwetu ni Masieda, huko Mbulu. Mwezi wa kumi na moja mwaka huo mama alishikwa na presha akalazwa wiki nzima, nami nikaomba ruhusa kazini nikaenda kumuuguza. Alitoka salama, anatembea, anagomba, lakini mimi nilikuwa nimeshaogopa. Nilikaa pembeni ya kile kitanda nikauona mkono wake juu ya shuka, mkono ule uliotulea watoto watatu kwa jembe baada ya baba kufariki, umelala tu hauna kazi, nikaapa moyoni kwamba huyu mama hatafanya kazi tena. Ningesema niliapa kwa upendo, na ni kweli, ila ndani yake woga ulikuwa mwingi kuliko upendo, na mtu mwoga akiwa na madaraka ni shida.

Krismasi kwa mama ina utaratibu wake ambao haujaandikwa popote. Anaamka mapema, anawasha moto kwenye jiko la nje (kibanda cha udongo chenye paa lililoiva kwa moshi), anapika chai ya maziwa na maandazi, halafu sahani zinafunikwa kwa vitambaa na kupelekwa kwa majirani, kwa Mama Ezekieli kwanza, kisha kwa wazee wawili wa kule bondeni, ndipo watu wanavaa wanakwenda kanisani. Wakirudi anapika cha mchana, ugali wa mtama, nyama ya mbuzi na maziwa mgando ya kwenye kibuyu, na yeyote anayepita njiani anaitwa. Sijawahi kuona Krismasi ambayo hatukuishiwa sahani.

Mwaka huo nikaamua mama asiwashe moto. Basi, uamuzi wenyewe ulikuwa huo tu, mdogo, hata kwenye kiganja ungekaa. Nikaandika kwenye grupu la familia: wifi Neema atakuja na pilau, dada Fausta kuku wawili na ndizi, mimi samaki wa Basotu, kachumbari na matunda, kaka Yohana soda, turubai na viti, kila mtu alete chakula kikiwa kimeshaiva, na mama apumzike. Fausta, ambaye ndiye mkubwa wetu, akauliza, "Na mgando je?" Nikamjibu mgando haumo, mwaka huu kuna soda. (Ndiyo, nilimwandikia hivyo dada yangu mkubwa. Nimeshasema kuna kitu kimelegea.)

Siku mbili baadaye Yohana, anayeishi Haydom, akaenda kumsalimia mama na kumsomea ujumbe wangu, mama akaomba apigiwe simu.

"Doro," akasema, "kaka yako ananisomea hapa. Wenzangu wote naona wamepewa cha kupika, mimi nimeandikiwa kupumzika."

"Ndiyo, mama."

"Kupumzika kunapikwaje?"

Nilicheka sana. Nikamwambia daktari alisema. Akaniambia daktari alisema apunguze chumvi, habari ya moto hakuigusa. Nikaendelea kumpanga, nikamwambia hata kanisani asiende kwa sababu ya utelezi, tutasali nyumbani sisi wenyewe. Akasema, "Haya. Wewe ndiye mwalimu." Mtu anayemjua mama yangu angesikia ile "haya" akakata simu, akapanda gari usiku huohuo kwenda kuomba radhi. Mimi nikaihesabu kuwa amekubali.

Tarehe ishirini na nne nikapita Basotu, nikachukua perege wazuri wametoka ziwani, nikaenda kufikia kwa Yohana. Yohana mchana ule alikuwa ameshapeleka turubai Masieda, lile la buluu, pamoja na viti thelathini vya plastiki, kwa sababu mwenye kukodisha hakubali kutoa pungufu ya hapo. Nikamwagiza pia azihamishe kuni zote za mama ziende stoo na jiko alifunge kwa kufuli, asije mama akashawishika. Na kaka yangu, mwanaume mwenye ndevu zake na watoto wanne, akafanya kama alivyoagizwa.

Asubuhi ya Krismasi tukapika kwa Yohana, mimi, Fausta na Neema, tukapakia, tukaondoka na gari lake. Mvua ilikuwa imenyesha. Tulipofika pale barabara inapoachana na njia ya kwetu gari likakataa, likawa linazungusha matairi tu, ikabidi tushuke tubebe vyakula kichwani. Naomba mtupige picha kwa macho ya mtu aliyesimama mlangoni kwake: wanawake watatu kwa mstari, sufuria zilizofunikwa kichwani, kanga mabegani kwa sababu ya manyunyu, viatu mkononi, na nyuma yao mwanaume ameinama amebeba kitu begani kimefunikwa gunia (kreti ya soda). Hakuna anayeongea, maana ukifungua mdomo kwenye utelezi ule unaanguka. Mimi niko mbele, nimevaa gauni langu jipya jeusi lenye maua madogo ambayo ukiwa mbali huyaoni.

Tukapita mbele ya Mama Ezekieli. Huyu ni mama wa makamo ya mama yangu, kanibeba mgongoni, na kwetu huwezi kumpita mtu kama huyo bila shikamoo hata kama unakimbizwa na nyuki. Lakini mguu wangu mmoja ulikuwa unakwenda kushoto na mwingine kulia, nina samaki kichwani, nikashindwa kusema kitu, nikainamisha macho nikapita. Kwa pembeni nikamwona ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nikafikiri ameshangaa harufu ya pilau.

Wale mnaotoka kwetu mmeshaelewa, ila kwa wengine ngoja nifafanue. Kijijini kwetu mwenye sikukuu anapika mwenyewe na watu wanakula kwake, ukiacha ile sahani ya maandazi, humpelekei sufuria ya chakula kilichoiva, ni kama kumwambia hawezi. Nyumba ikiingiwa na msururu wa sufuria zilizofunikwa, jiko lake halitoi moshi, uani pamefungwa turubai na viti vimepangwa, hiyo nyumba imefiwa. Na kwenye msiba hakuna anayesimama njiani kuuliza nani na kwa nini. Unarudi ndani, unachukua kuni, unachota unga, unakwenda. Mimi mwenyewe nimebeba unga huo tangu nikiwa na miaka kumi, sijui niliuacha wapi ujuzi huo, labda Katesh kwenye kochi.

Tukafika. Mama alikuwa chumbani, mlango umerudishwa. Nikagonga nikamwambia asitoke kwanza, tunataka akute kila kitu kiko mezani. "Sina pa kwenda," akajibu, na sauti ikaishia hapo. Alikuwa amenuna, kwa maneno mepesi, lakini mimi nilikuwa na meza ya kupanga.

Wa kwanza kufika walikuwa wale wazee wawili wa bondeni. Wakavua kofia, wakakaa viti vya mwisho kabisa, wakasema poleni. Nikasema asanteni, matope ya mwaka huu yamezidi. Wakatazamana. Halafu wakaja wanawake wanne na mizigo ya kuni, wakaitua kando ya jiko taratibu, mmoja ana ndoo ya unga, mwingine maharage, wakaniomba ufunguo. Hapo ndipo ujinga wangu ulipopanda cheo, maana niliguswa kabisa, nikamnong'oneza Fausta, "Umeona watu wanavyompenda mama? Zawadi za Krismasi hizi." Nikawaambia wale akina mama wakae, leo hakuna kupika. Wakakaa chini kwenye majani, wakanyoosha miguu, mmoja akajifunika kanga usoni.

Wifi Neema akanivuta mkono. "Wifi, mbona yule analia?"

Kabla sijajibu, tukasikia wimbo unatokea njiani. Haukuwa wa Krismasi. Ulikuwa ule wa taratibu, ambao mkiusikia mnajua mnaelekea makaburini. Mbele alikuwa katekista, mwavuli mkono mmoja na msalaba mkono wa pili, nyuma yake kanisa zima na nguo zao mpya za sikukuu, watu sabini, labda zaidi. (Baadaye nilijua kilichotokea: Mama Ezekieli alikwenda moja kwa moja kanisani, akamnong'oneza mwenyekiti wa jumuiya, mwenyekiti akamfuata katekista mbele, na katekista kwa busara yake hakutaja kifo, alisema tu kwamba tukitoka hapa twende wote nyumbani kwa mama yetu yule. Kiti cha mama pale mbele kilikuwa kitupu. Watu wakamalizia wenyewe.)

Mama Ezekieli akawapita wote akaniangukia shingoni, nami nimeshika sinia la samaki.

"Doro mwanangu, mbona hamkutuambia? Ametutoka saa ngapi?"

"Nani?"

"Mama yako!"

Sasa hapa ndipo mahali ninapopaonea aibu hata leo. Mtu mwenye akili angesema, hapana, mama mzima, yuko chumbani. Mimi nilisikia hayo maneno, nikakumbuka ule mkono juu ya shuka, nikakumbuka kwamba tangu niliposema naye mlangoni imeshapita nusu saa na sijasikia hata kikohozi, na nikaamini. Nikaamini kabisa. Nikajiambia huyu mama jirani kaingia chumbani kwa mlango wa nyuma kamkuta, mimi niko hapa nakata kachumbari. Sinia likaniponyoka, perege wa Basotu wakatawanyika kwenye tope, nami nikakimbilia mlango wa chumba nikipiga kelele, "Mama! Mama yangu!"

Uani wote ukalipuka kilio. Si mtoto wa marehemu amelia? Hata wale waliokuwa bado wana mashaka sasa wakaridhika.

Mlango ukafunguliwa. Mama akatoka amevaa gauni lake la Krismasi na kitambaa cheupe kichwani, rozari mkononi, akasimama kizingitini anawaangalia watu. Kilio kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Mwanamke mmoja akarudi nyuma akakalia ndoo ya unga. Mzee mmoja wa bondeni akasema, "Aisee," kwa sauti ya chini, akavaa kofia yake.

"Tumsifu Yesu Kristo," mama akasema.

Wakaitika wachache, "Milele amina."

"Karibuni. Poleni na njia."

Katekista akaanza kuomba radhi, akawa anafunga mwavuli na kuufungua. Macho yote yakanigeukia mimi, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kueleza. Nikasema tulipanga kila mtu alete chakula, nikasema daktari, nikasema utelezi, nikasikia mdomo wangu mwenyewe unatamka neno ratiba mbele ya watu sabini wenye machozi usoni. Vijana wa kwaya wakaanza kucheka, kicheko kikasambaa, hata Fausta dada yangu akageukia ukuta mabega yanamtikisika.

Mama Ezekieli hakucheka. Alikaa palepale chini, gauni lake la sikukuu kwenye tope, akawa analia upya, kwa hasira sasa.

"Sahani haikuja," akamwambia mama. "Tangu nimeolewa kijiji hiki haijawahi kukosa. Nikasema labda amechelewa. Nikachungulia, moshi hakuna. Ningefikiri nini tena mimi?"

Mama akamshika mkono, akamwinua. Halafu akaniangalia. Nilijiandaa kwa ukali, maana mama yangu ukali anao, lakini haukuwepo, aliniangalia kama anavyomwangalia mgeni ambaye hajui anatoka wapi. Ningechagua kiboko.

Tatizo likabaki moja: watu sabini na chakula cha watu kumi na watano, na samaki wako chini. Kwetu aliyekuja kukulilia haondoki bila kula, hata kama amekulilia kimakosa. Mama akanyoosha kiganja.

"Yohana, ufunguo wa jiko."

Yohana akaniangalia mimi.

"Unamwangalia nani?" mama akamuuliza, na kaka yangu akautoa haraka mpaka ukamdondoka.

Basi moto ukawashwa, kwa kuni zilezile za msiba. Wanaume wakaenda kumkamata mbuzi, maharage yakabandikwa, ule unga ukasongwa kwenye sufuria kubwa la jumuiya lililoletwa mbio kutoka kanisani, na mama akakaa kwenye kigoda katikati ya moshi anatoa amri, huyu aongeze maji, yule apunguze moto, ngoja nionje. Alipotaka kusonga mwenyewe nikasogea kumzuia, Fausta akanivuta kanga nikarudi nyuma. Alisonga kidogo, akachoka, akamwachia Mama Ezekieli mwiko bila kuambiwa na mtu. Pilau ya Neema ikagawiwa vijiko viwili viwili, kama dawa. Kibuyu cha mgando kikatoka chini ya kitanda cha mama (kumbe aliugandisha, ratiba au si ratiba), kikazunguka kwa wazee. Mimi nilipewa vyombo vya kuosha. Hakuna aliyenipa, kusema kweli, nilijipa mwenyewe, kwa sababu ukiinamia beseni watu hawakuoni uso.

Nikiwa pale nilisikia akina mama wanamsimulia mama walivyomlilia. Mmoja alisema alikumbuka mama alivyomzalisha njiani wakati wa mvua. Mwingine alisema, "Mimi nililia kwa sababu nilikuwa sijakurudishia ungo wako." Wakacheka wote, na mama akacheka, nikagundua tangu hospitalini sikuwa nimemsikia akicheka. Mwezi mzima nilikuwa naulizia presha yake kwa simu, kicheko sikukiulizia.

Jua lilipoanza kushuka watu wakaondoka, katekista wa mwisho, bado anaomba radhi. Nikaenda kukaa karibu na mama pale jikoni. Nikamwambia nisamehe. Akachokonoa majivu.

"Nilipowasikia wanaimba nilijua wimbo ni wangu," akasema. "Nikakaa kwanza, sikutoka. Nilitaka kusikia nani analia."

"Mama!"

"Ungekuwa wewe usingesikiliza?"

Nikakubali kwamba ningesikiliza. Nikamwambia kilichonisumbua siku nzima, kwamba niliogopa, kwamba nilimwona pale kitandani nikafikiri anakwisha, na kwamba sikutaka kazi immalize. Nililia, sasa kwa sababu yenyewe. Akaniacha nimalize.

"Najua uliogopa," akasema. "Hata mimi niliogopa. Lakini angalia, Doro. Hawa walidhani nimekufa, wakaniletea unga na kuni ili nyumba yangu ilishe watu. Wewe ulijua niko hai, ukanifungia jiko."

Nimebaki kuapa tu: ratiba zangu zitaishia getini mwa shule, na chakula cha sikukuu nyumbani kwetu nitapanga baada ya kumuuliza mwenye jiko anataka kupika nini, na nitanyamaza mpaka amalize kujibu. Siku atakayochoka atasema mwenyewe. Krismasi iliyopita nilimsikiliza tangu asubuhi mpaka jioni, nimekaa kando yake namenya viazi, na hakusema amechoka.